Nilivyopigiwa Makofi Lulimba Nikiwa Nakufa

Siku niliyokaribia kufa, watu ishirini na wawili walinipigia makofi.

Sitii chumvi. Nimelala chini kwenye simenti ya kanisa, magoti nimeyakunja, nashika tumbo, natoa sauti kama mbuzi aliyekanyagwa na Fuso. Na watu wananishangilia. Mmoja alipiga hata mluzi.

"Mwalimu anajua teatre, yee!" akasema mzee mmoja.

Teatre gani, wandugu? Nilikuwa nakufa.

Ngoja nianze vizuri.

Mimi naitwa Placide. Ni muuguzi, kwetu Baraka tunasema infirmier, na nina miaka arobaini na mitatu. Kazi yangu ni kuzunguka vijijini kufundisha relais, wale watu wa kujitolea wanaochaguliwa na kijiji ili waangalie nani anaumwa na nani akimbizwe hospitali. Fizi nimefundisha, Lweba nimefundisha, Lulimba ndiyo usiseme.

Somo ninalolipenda kuliko yote ni tumbo. Tumbo la hatari. Lile ambalo ukichelewa nalo, ndugu zako wanaanza kutafuta mbao na misumari.

Kwenye somo hilo mimi ni profesa. Nina karatasi kubwa kumi na mbili zenye michoro niliyochora kwa mkono wangu. Nikianza kuongea, hata watoto wachanga wananyamaza.

Sasa siri.

Mimi mwenyewe nilikuwa na mushipa.

Hospitalini wanaita hernie. Ni uvimbe wa kwenye kinena: utumbo unapata kitundu katika nyama za tumbo, unachungulia nje. Ukisimama unatoka, ukilala unarudi. Wangu ulianza kama limau. Baada ya miaka mitatu ulikuwa kama avoka, na si avoka ndogo.

Dawa yake ni kupasuliwa. Wanakufungua, wanaurudisha ndani, wanashona kitundu, unarudi nyumbani. Nimewapeleka wanaume wangapi mimi kwa ajili hiyo! Nawaambia, "Baba, usione haya, huu ni ugonjwa kama mafua." Wanaenda, wanapona, wananiletea kuku.

Kuku nikala. Mushipa wangu nikabaki nao.

Sababu? Haya. Haya tupu. Pale hospitali ya Baraka nafahamiana na kila mtu mpaka mlinzi wa getini. Nikawaza: nilale mezani suruali imetoka, halafu Jumapili nisimame na watu wale wale kwenye kwaya, niimbe sauti ya tatu? Hapana.

Nikatafuta chambre à air ya moto, yaani ule mpira wa ndani ya tairi la pikipiki. Nikaukata, nikatengeneza mkanda wa kubana kinena.

Kila asubuhi nalala chali, nasukuma avoka yangu ndani, nafunga mpira, navaa suruali, naenda kufundisha watu wasione haya.

Miaka mitatu.

Sasa twende Lulimba. Ilikuwa siku ya pili ya mafunzo, siku ya Jumanne, mvua imenyesha usiku kucha na asubuhi jua linawaka. Tulikuwa relais ishirini na wawili, mimi, na mwenzangu Bertin anayefundisha mambo ya malaria. Wengi wao wakulima, wengine walishawahi kuchimba dhahabu huko milimani wakachoka.

Mbele kabisa aliketi mama mmoja Murundi, Marie-Goreth, mkimbizi anayelima mihogo pale Lulimba. Umri wake kama wa mama mkwe wangu. Yeye shida yake ilikuwa maswali. Ukisema neno moja, anainua mkono.

"Mwalimu, umesema tumbo linakuwa gumu. Gumu kama nini? Kama mbao ao kama ngoma?"

Unajibu. Anainua tena.

Asubuhi hiyo ilibidi tusogeze mabenchi ya kanisa ili tupate nafasi. Mabenchi yale ni ya libuyu, mbao ambayo inataka wanaume wanne. Wanaume wakaja.

"Acheni," nikasema. "Acheni, niko mwenyewe."

Kwa nini nilisema hivyo? Bamama walikuwa wanatazama. Sina sababu nyingine, na mke wangu atasoma hapa, basi asome.

Nikainama. Nikashika benchi. Nikalibeba.

Hatua ya tatu, kitu kikafanya *tik* kwenye kinena. Ule mpira uliteleza.

Nikaweka benchi chini taratibu, nikatabasamu, nikatembea kwenda chooni kama bwana harusi. Nilipofika ndani nikashusha suruali. Uvimbe umetoka wote. Si kitu, nikasema, nitausukuma kama kawaida.

Ukakataa.

Ulikuwa mgumu kama jiwe la mto, na nikiugusa naona nyota mchana.

Karatasi yangu namba saba imeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu: MUSHIPA UKIKATAA KURUDI, USISUKUME. Kwa sababu utumbo umenaswa, damu haipiti, ukilazimisha unaweza kuupasua.

Mimi, mwandishi wa karatasi namba saba, nilisukuma mara kumi na moja. Nilihesabu.

Nikarudi darasani. Nikajiambia ni ndakala nilizokula asubuhi. Jamani! Samaki wadogo vile, wasio na kosa, nikawasingizia.

Tumbo likaanza kuja na kwenda. Linakaza, linanisokota kama nguo inayokamuliwa, linaachia. Dakika chache, linarudi. Nikawa nafundisha katikati ya maumivu. Likikaza nasema, "Fikirieni kidogo juu ya hilo," nageukia ukuta. Watu wanafikiri. Likiachia naendelea.

Halafu Bertin akasimama na furaha zake.

"Sasa mazoezi! Mwalimu Placide atacheza mgonjwa wa tumbo la hatari. Nyiye muangalie dalili, muandike kwa kaye."

Huo ulikuwa mchezo wetu wa siku zote. Mimi ndiye mgonjwa kila mahali, na nasifiwa. Nikataka kusema leo hapana, na hapo hapo tumbo likakaza kuliko mara zote.

Nikaanguka.

Makofi!

Nikajaribu kuinuka. Nikatapika, kitu cha kijani.

"Ametapika kweli kweli!" mtu akapiga kelele. "Huyu muntu anajua kazi yake!"

"Muandike," Bertin akasema, anatembea na chaki yake. "Dalili ya kwanza: kutapika."

"Bertin," nikasema. "Ni kweli."

"Munamusikia? Anasema ni kweli!" Bertin akacheka. "Dalili ya pili: mugonjwa anaomba musaada. Musimuzarau."

Wakaandika kwenye madaftari.

Ishirini na mmoja waliandika na kupiga makofi, na Bertin wa ishirini na mbili. Mmoja hakupiga.

Marie-Goreth aliweka kalamu chini, akaja, akapiga magoti karibu yangu. Akaweka mgongo wa mkono wake kwenye paji la uso wangu.

"Huyu hachezi," akasema.

"Mama, ngoja kwanza," Bertin akamjibu, "kupima tutafanya kisha ya..."

"Muntu anaweza kucheza kilio. Jasho ya baridi, nani anaicheza?"

Kalamu zikasimama.

Akaniinamia. "Inakuuma wapi, mwalimu?"

"Tumbo, mama."

"Tumbo wapi?"

"Tumbo tu."

"Ulitufundisha asubuhi hii kama tumbo inaanzia kwa matiti inaishia kwa magoti. Ukasema muntu mwenye haangalie kinena ameua mugonjwa. Fungua mukaba."

"Siwezi, mama."

"Juu ya nini?"

"Wewe ni kama mama mkwe wangu."

"Basi mama mukwe wako anasema ufungue mukaba."

Mwishowe bamama walikamata vitenge, wakasimama duara, migongo kwangu, nikawa ndani kama mtu anayeoga. Bertin akaingia na kunifungua yeye. Nikasikia pumzi yake imekatika.

"Placide," akasema, tena kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje ya kanisa waliisikia. "Hii ni chambre à air?"

Nikafumba macho.

"Ya *moto*?"

"Funga mdomo, Bertin."

Hakufunga. Aliona uvimbe, akaugusa kwa ncha ya kidole, nikapiga yowe. Rangi ya uso wake ikabadilika. Bertin ni mtu wa malaria, lakini si mjinga.

Hapa sasa ndipo penye aibu yangu kubwa. Maumivu yanaondoa shule yote kichwani. Mnajua nilichoomba? Niliomba poire. Ile poire ya mpira ambayo mama zetu wanatupigia maji ya dawa kwa nyuma tangu tuko wadogo, tumbo likiuma kidogo tu. Mimi nimepita nyumba kwa nyumba kuzikataza, kwa sababu kwenye utumbo ulionaswa zinaua. Na mimi nikalia kama mtoto: "Nipeni poire! Nani ana poire?"

Mzee Patrice, relais wa mwisho kule nyuma, akaingiza mkono kwenye koti na kutoa moja.

Jana yake alikuwa ameniapia ameitupa mtoni.

Marie-Goreth akamnyang'anya. Mwingine akaja na kikombe cha chai, akamzuia. "Hata tone ya maji, hapana. Mwalimu alisema, kama watampasua, tumbo ikuwe bule, haina kitu."

"Tungoje saa moja," Bertin akasema. "Labda itapoa yenyewe."

"Tungoje nini?" mama akamuuliza. "Piga simu Baraka. Andika saa yenye ilianza. Nicolas iko wapi na moto?"

Nicolas ni dereva wetu. Akaja mbio. Bertin akaandika karatasi ya hospitali. Kisha tukapangwa: Nicolas mbele, mimi katikati, Marie-Goreth nyuma. Alinifunga kwake kwa kitenge, mgongo wangu kwenye kifua chake, ili nisianguke.

Saa tano kamili tukaondoka.

Barabara ya Lulimba hadi Baraka sitaieleza. Anayeijua anaijua, asiyeijua Mungu amlinde. Kila shimo lilikuwa na jina langu. Matope yalifika kwenye magoti. Pahali pengine tulishuka, mama akanishika kwapani, tukavuka kwa miguu na Nicolas akisukuma moto. Nilitapika mara nne, na kila mara mama ananiambia, "Toa, mwanangu, toa," kama nilikuwa na njia nyingine.

Tukafika kwenye kizuizi. Askari akainua mkono.

"Munaenda wapi batu batatu kwa moto moja?"

"Hospitali!" Marie-Goreth akajibu. "Utumbo wake umenyongwa!"

Askari akanitazama kwa makini. "Nani alimunyonga?"

"Yeye mwenyewe."

Akafungua bila kuuliza la pili.

Baada ya Fizi, pale barabara inapoanza kuteremka na ziwa linaonekana chini kule, jambo likatokea. Maumivu yakapungua.

Hivi hivi. Kama mtu amezima redio.

"Mama," nikasema, "imepoa. Nicolas, simama. Nafikiri imepona."

Nicolas akapunguza mwendo. Kwa kweli hata yeye alikuwa amechoka, uso mzima matope.

Sasa sikilizeni. Karatasi yangu namba tisa inasema: maumivu yakikatika ghafla na uvimbe ungali pale pale, usifurahi. Inaweza kuwa utumbo umeanza kufa, na kitu kilichokufa hakiumi. Niliijua karatasi hiyo kama jina langu. Na bado nilikuwa natafuta namna ya kurudi nyumbani nioge, nilale, kesho nivae suruali yangu kama mtu wa heshima.

Marie-Goreth akanishika mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Ile kitu imerudi ndani?"

Nikapapasa kinena.

"Mwalimu. Imerudi ndani?"

"Hapana, mama."

"Nicolas, endesha."

Nicolas akaendesha. Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo nilikuwa naona haya tu.

Tulifika Baraka saa tisa na nusu. Walikuwa wanatungoja, shukrani kwa simu ya Bertin. Na daktari wa upasuaji wa siku hiyo, nadhani mmeshabahatisha, alikuwa mwanamke. Docteur Solange. Kijana, mdogo kwangu miaka kumi na mitano, alifanya mazoezi yake ya shule nikiwa mimi ndiye ninayemwonyesha wapi sindano zinawekwa.

Akaangalia, akagusa, akasikiliza tumbo langu lililojaa kama ngoma. Marie-Goreth amesimama pembeni, hajafukuzwa kwa sababu hakuna aliyethubutu.

"Papa Placide, umetapika mara ngapi? Choo umeenda lini? Na hewa, umetoa hewa mara ya mwisho saa ngapi?"

Nikamtazama mama. Nikamtazama daktari. Nikaomba kwa Kifaransa, taratibu, kama tunaweza kuendelea kwa Kifaransa, kwa heshima ya mama huyu.

Docteur akarudia swali kwa Kifaransa.

"Hajatoa," Marie-Goreth akajibu kwa Kiswahili. "Niko nyuma yake tangu saa tano. Ningejua."

Kumbe alisoma Bujumbura.

Baada ya hapo heshima ikaisha, mambo yakaenda mbio. Serumu kwenye mkono. Mpira mwembamba puani mpaka tumboni kuvuta yale maji ya kijani. Mwingine wa mkojo. Sindano za kuua vijidudu. Na kila aliyepita kunisalimia alikuwa mtu ninayemjua kwa jina, mpaka mlinzi wa getini, ambaye mpaka leo sijui alifuata nini mle ndani.

Mke wangu Georgette akafika amefunga kitenge juu juu, unga bado mikononi. Nikamshika.

"Mama Aline," nikasema, "kuna jambo nimekuficha miaka mitatu."

"Mushipa," akasema.

"Unajua?"

"Baba Aline, nguo zako nafua mimi. Ule mpira ukikatika, unafikiri nani anaushona?"

Mimi nilidhani ni mpira imara.

"Sasa kwa nini hukuniambia kitu?"

Akafuta machozi kwa mkono wa unga, uso ukawa mweupe upande mmoja.

"We ni infirmier. Nilifikiri unajua kitu unafanya."

Sindano zote za siku ile, hiyo ndiyo iliyoingia.

Walinichoma sindano ya mgongo. Miguu ikalala, kichwa kikabaki macho. Wakaweka kitambaa mbele yangu nisione, lakini masikio hayafunikwi. Nikasikia vyuma. Nikasikia Docteur Solange anaongea polepole na msaidizi wake. Kisha akanyamaza.

Kimya cha daktari nakijua. Nimekaa nacho miaka ishirini, lakini upande wa pili wa kitambaa.

"Ni nyeusi," akasema. "Legeza kitundu. Nipe kitambaa cha maji ya moto. Tungoje dakika kumi."

Nilijua anachongoja. Utumbo ulionaswa ukiachiliwa, damu inaweza kurudi, rangi ikarudi. Isiporudi, kipande kile kimekufa, wanakikata, wanaunganisha, na kuanzia hapo ni habari nyingine, wengine hawaamki nayo.

Dakika kumi. Watu wanasema wakati kama ule unaona maisha yako yote. Mimi niliona benchi. Dakika kumi nzima naliona lile benchi la libuyu, na bamama wanatazama, na mimi nasema niko mwenyewe.

Kisha nikamfikiria Georgette ameketi kwenye korido na unga wake usoni, akianza kujilaumu kwa kosa langu. Hapo nikaanza kuomba kweli, bila maneno ya kupanga.

"Iko inapata rangi," Docteur akasema. "Ona pale. Na pale. Inacheza. Iko muzima."

Nikalia kwa sauti. Msaidizi akadhani sindano imeniharibikia, akakimbilia kupima presha.

Walirudisha utumbo wangu mzima, hawakukata hata urefu wa kidole. Wakashona kitundu. Docteur Solange akachungulia juu ya kitambaa, macho tu ndiyo yanaonekana.

"Papa Placide, ingekuwa saa mbili tatu zaidi, ningekata. Kesho, singekuwa na cha kukata."

Siku mbili zilizofuata, wodi nzima ya wanaume ilikuwa inangoja mimi nitoe hewa. Baada ya upasuaji wa utumbo, hiyo ndiyo dalili kwamba bomba limefunguka. Kila asubuhi daktari anauliza, wagonjwa saba wanageuza vichwa. "Bado?" "Bado." Wanasikitika.

Ilikuja siku ya Alhamisi, wakati mchungaji wetu ameniwekea mkono kichwani na maombi yako katikati. Sitasema zaidi. Wodi ililipuka kwa "Aleluya!", mchungaji akadhani ni Roho ameshuka, na Georgette akakimbia kumwita docteur.

Siku ya Ijumaa akaja Marie-Goreth kunitazama.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nikaketi vizuri, nikakohoa, nikamwambia mbele ya wodi yote kwamba yeye ni shujaa, kwamba katika miaka yote ya kufundisha sijapata mwanafunzi aliyesikia somo kama yeye, aliyetazama na kujua mara moja, bila shaka yoyote, kwamba...

"Mwalimu," akanikata. "Nikuambie kweli?"

"Niambie, mama."

"Sikujua."

"Hukujua nini?"

"Kama unakufa. Mi si docteur. Ile jasho ilinitisha, njo kweli. Kwa chambre à air nilizidi kuogopa. Lakini kujua, hapana." Akatazama chini, akaanza kucheka. "Binti yangu Niyokwizera iko kambini, hapa Mulongwe. Alizaa Siku ya Mungu, Jumapili, mutoto wa kwanza. Tangu nipate ile habari nilikuwa natafuta namna ya kufika. Nikaona moto inakuja Baraka."

Wodi nzima ikageuza vichwa.

"Mama. Ulinipeleka hospitali ili upate moto?"

"Nusu," akasema. "Nusu ilikuwa jasho. Nilijiambia, kama hachezi, nitakuwa nimemuponesha. Kama anacheza, nitakuwa nimeona mujukuu wangu."

"Na kama ningekuwa nacheza?"

"Ungerudi na Nicolas."

Nilicheka mpaka nyuzi zikavuta, nikashika kidonda, na bado nacheka huku nalia. Mgonjwa wa kitanda cha tatu alicheka hadi akaomba msaada.

Nikamuuliza, kwa matumaini kidogo, kama wangependa kumwita mtoto Placide.

"Ni musichana," akasema. Akafikiri. "Na hata angekuwa kijana."

Nimelitafakari jambo hilo kwa miezi sasa. Mimi niliyejua kila kitu, karatasi kumi na mbili, nilikuwa natafuta uhakika. Ndakala? Uchovu? Labda itapoa? Bertin naye akataka saa moja ya uhakika. Mama aliyekuwa na nusu ya shaka na haja ya kumwona mjukuu ndiye aliyepanda moto. Uhakika wa ugonjwa ule unakuja ukiwa umechelewa. Nusu inatosha. Ukifika hospitali ukaambiwa si kitu, umeshinda, rudi nyumbani ukale.

Kwa hiyo ndugu yangu unayesoma hapa: uvimbe wa kinena uliokuwa unarudi na leo umekataa, umekuwa mgumu, unauma, nawe unatapika, tumbo limejaa, hewa haitoki, usisukume. Usipige poire. Usile, usinywe. Nenda. Maumivu yakikuachia njiani, nenda mbio zaidi. Na kama bado ni avoka inayorudi ukilala, nenda leo polepole kwa miguu yako, kabla hujapelekwa umefungwa kwenye kitenge cha mama wa watu.

Mwezi uliopita nilifundisha Lweba. Nilianza na habari hii yote, mpira, benchi, poire na mchungaji. Walicheka hadi wakapiga meza. Tulipomaliza, nikaona wanaume hawaondoki. Wamekaa nje, kila mmoja peke yake, anatazama ziwa kana kwamba ndiyo mara ya kwanza analiona.

Akaja wa kwanza, mvuvi mmoja mkubwa, kifua kama mlango.

"Mwalimu," akanong'ona, "iko rafiki yangu ana ile kitu."

"Sawa. Mwambie Jumatatu aende hospitali."

Akaja wa pili. Naye ana rafiki. Wa tatu, rafiki. Wa nne alisema ni shemeji. Nilihesabu tisa.

Wa tisa alikuwa mzee mwenye suti, mtu wa heshima kanisani. Akaangalia nyuma, akaangalia pembeni, akaniambia rafiki yake anaona haya sana, hajui kama atakubali kwenda.

"Baba," nikamwambia, "umsindikize. Ukienda wewe, na yeye atafika tu, maana naona munavaa suruali moja."